Weupe Wawili Si Ndugu: Kwa Mnaoanza Kuzalisha Sungura wa Rangi

Wiki hii amenijia mgeni wa tatu mwaka huu, hasira zimempanda. Kapandisha jike mweusi kwa dume mweusi, kapata vitoto wawili weupe wenye macho mekundu, sasa anataka kumrudishia muuzaji sungura wake. Ndugu yangu, hujaibiwa. Weusi wako wote wawili wamebeba c, jeni iliyojificha inayozuia rangi, na kitoto aliyeipata pande zote mbili hana rangi mwilini wala machoni; wekundu ule ni damu inayoonekana. Hili nalirudia kila msimu, na nitalirudia tena, maana najua hasira hiyo humfikisha mtu wapi.

1. Usipandishe baka (sungura mweupe mwenye mabaka ya rangi) kwa baka. Kwa wastani robo ya vitoto watatoka charlie, yaani waliopata jeni ya mabaka pande zote mbili, karibu weupe watupu, na wengi wa hao utumbo huwasumbua: tumbo linajaa, choo kinakwama, kitoto anadumaa. Baka mpe wa rangi moja. Nusu watatoka mabaka, na hutazika vitoto.

2. Mweupe muulize macho. Nilikuwa na jike mweupe wa macho ya buluu, Vienna safi, na dume wa aina yake sikumpata. Nikampa dume wangu wa New Zealand White, aina ya weupe wa macho mekundu. Weupe kwa weupe, nikajiambia, wataharibika nini? Alfajiri ya siku ya 31 nikafunua manyoya kwenye kisanduku cha kuzalia. Vitoto saba, wote ngozi nyeusi tii, wawili tu wana alama nyeupe puani. Kizimba cha tatu kulikuwa na dume mweusi, na ufunguo alikuwa nao kijana aliyewalisha. Sikumuuliza, nilimhukumu. Aliapa kwa jina la mama yake kwamba hakufungua. Nikamlipa siku zake, nikamfukuza.

Vitoto walipoachishwa kunyonya, nikampandisha jike yule yule kwa dume yule yule, kwa mkono wangu, na ufunguo ukalala mfukoni mwangu siku zote 31. Vitoto sita, wote wa rangi. Nilikaa chini palepale bandani. Wa macho mekundu amekosa C, ile jeni nzima inayoruhusu rangi, lakini V zake mbili, jeni nyingine ya rangi, ni nzima. Wa macho ya buluu ana v mbili, yaani V zenye kasoro, lakini C zake hazina kasoro. Kila mmoja humzibia mwenzake pengo, na rangi iliyojificha vizazi na vizazi inatoka nje.

Nilimtafuta yule kijana, nikamkuta anabeba saruji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa mkono, akakataa kurudi.

3. Andika rangi na macho ya kila kitoto, hata aliyekufa. Kurasa zangu za zamani zimeandikwa "mweupe" tu, na leo hazinisaidii lolote.

4. Vitoto wa Californian (aina nyeupe yenye pua, masikio na miguu ya rangi nyeusi) wakipigwa na baridi kisandukuni huota kivuli cha kijivu mgongoni. Usiwachinje, kitaondoka wakibadili manyoya.

5. Unamshuku dume? Mpe jike wa macho mekundu. Akitoka mweupe hata mmoja, dume amebeba c. Wakitoka wanane wote wa rangi, mwamini.

Na wewe wa wiki hii, hao weupe wawili usiwauze. Kama mmoja ni jike, mtunze mpaka miezi sita: ndiye kipimo cha kila dume mgeni utakayemnunua.