Harusi Paje: muulize mvuvi kabla ya kumuuliza MC

Maharusi wengi wa Dar wanaotaka kufanyia harusi ufukweni Unguja huanza na hoteli, kisha mpambaji, kisha rangi za sare. Tarehe wanaipanga kwa kuangalia likizo za kazini na bei ya vyumba. Mimi nasema tarehe iamuliwe kwanza na upepo na maji, hayo mengine yatafuata. Nilikuwa katibu wa kamati mdogo wangu alipoolewa Paje mwezi wa nane, na tangu hapo kila rafiki anayeota shela likipepea ananipigia simu.

Shela litapepea, usijali. Paje iko pwani ya mashariki, uso kwa uso na bahari kuu, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika, kuanzia kama mwezi wa sita hadi wa tisa, ufukwe hujaa wageni wanaoteleza majini wakivutwa na tiara. Upepo uliowaleta wao ndio utakaoondoka na tao lako la maua. Kaskazi nayo huvuma Desemba hadi Februari. Kati ya pepo hizi mbili kuna maleleji, bahari inapotulia. Ya Aprili yanaangukia kwenye masika, yasahau. Ya Oktoba na Novemba ndiyo ningeyachagua mimi, ijapokuwa vuli yaweza kuwanyeshea. Mvua ya vuli mara nyingi hupiga ikapita. Kusi inashinda nanyi kutwa. Na kama tarehe haibadiliki na ni mwezi wa saba, nendeni Kendwa, kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Kule kuna kinga zaidi dhidi ya kusi, maji hayakimbii mbali, na jua linazama baharini. Paje mtaliona likizama nyuma ya minazi.

Sasa maji. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Unguja hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Picha zitapendeza, ila ufukwe unabaki mwembamba, na viti vya mstari wa mbele vinaweza kuloa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa kumi hiyohiyo ndipo yamekupwa, ila hayaendi mbali. Vijiti vya mwani na akina mama wakiwa kazini mtawaona siku za bamvua, maji yakikupwa kabisa, kama saa nne asubuhi. Hilo ni shamba la watu, msimtume mpiga picha akawaombe wasogee. Kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, siku mbili tatu baada ya bamvua yanajaa jua likikaribia kuzama. Mvuvi yeyote wa pale atakuhesabia hayo kwa vidole, bure.

Sisi tulikuwa na kusi, hatukuwa na la kuchagua. Mpambaji alikuja na vitambaa vyepesi na vyuma vya kusimamishia tao. Kijana wa hoteli aliviangalia, hakusema neno. Akachimba mchanga hadi magotini, akafukia miguu ya tao pamoja na viroba vilivyojazwa mchanga, akakaza kila pembe kwa kamba ya mashua. Halikutikisika. Pindo la shela alilishona mama mmoja wa kijijini, akatia chubwi ndogo za mshipi ndani yake. Ukilishika unasikia uzito kidogo, ukilitazama huoni kitu. Mishumaa iacheni Dar. Maiki ivalishwe sponji, na spika zikae upande upepo unakotoka ili sauti iwaendee wageni. Chakula na keki vikae bandani, nyuma ya ua wa makuti, la sivyo mtakula pilau ya mchanga. Na wanawake wasuke. Nimeona wigi la wifi mmoja likifukuzwa na watoto wanne, sitaki kuliona tena.

Boti ya kutoka Dar huchukua kama saa mbili, na kipindi cha kusi watu wanatapika kwelikweli. Wazee wakatieni ndege, ni dakika 20 tu, na wote wawe wameshafika siku moja kabla. Ndugu wenye pasipoti za nje waambiwe mapema kuhusu bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 44.

Cheti fungieni Bara, kanisani au kwa msajili, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Bara na Zanzibar wana utaratibu wao. Kumbukeni notisi ya siku 21. Kisiwani iwe sherehe. Na muangalie isiangukie Ramadhani.

Kuhusu ndugu watakaoachwa kwenye orodha, wafanyieni shughuli nyumbani kabla ya safari, si baada. Shangazi aliyekwisha kula pilau yenu atawachangia hata kama haendi. Anayeahidiwa pilau ya baadaye atawapigia simu siku yenyewe, katikati ya viapo, na mtandao wa Paje unashika vizuri tu.