Saa ya kompyuta ya mezani kurudi miaka nyuma: kabla ya kununua betri nyingine

Mkuu, umeeleza kwamba kompyuta yako ya mezani, uliyoiunganisha mwenyewe miaka mingi iliyopita, kila asubuhi inawaka ikiwa na tarehe ya mwaka 2012, tovuti hazifunguki, na fundi amekwisha kubadilisha betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao mama (ubao mkuu wa ndani wa kompyuta) bila mafanikio. Ninayo mashine ya rika hilohilo, na saa yake imenisumbua vya kutosha. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kushika bisibisi, uchunguze saa inakosea kwa kiasi gani na inakosea wakati gani, kwa sababu betri husingiziwa makosa mengi yasiyo yake.

Saa ikipishana kwa saa 3 kamili, achana na betri. Hilo huwapata wenye mifumo miwili, Windows na Linux, katika mashine moja: Linux huichukulia saa ya ubao mama kuwa ni ya UTC (saa ya kimataifa), Windows huichukulia kuwa ni ya hapa tulipo, na sisi wa Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya UTC. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 upande wa Linux huyamaliza. Linux itakuonya kuhusu nchi zinazosogeza saa kwa majira, lakini kwetu saa hazisogezwi, kwa hiyo onyo hilo lisikutishe.

Yako inarudi miaka, na hiyo ni dalili kwamba saa inakosa umeme kabisa na bayosi (programu ndogo ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) inaanza upya na tarehe ya kiwandani. Maadamu waya umechomekwa na swichi ya ukutani imewashwa, pawasaplai (kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme) hupeleka volti 5 kwenye ubao hata kompyuta ikiwa imezimwa, na saa hutumia umeme huo bila kuigusa betri. Wengi wetu tukimaliza kazi huzima ukutani kwa kuogopa radi na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo (na sikulaumu, nami hufanya hivyo), kwa hiyo usiku kucha saa hutegemea betri peke yake. Acha swichi ikiwa imewashwa usiku mmoja ambao umeme haukukatika. Asubuhi ukikuta saa iko sawa, saa yenyewe ni nzima, na tatizo liko kwenye betri au njia inayopitisha umeme wake.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea, kwa sababu huipima betri ikiwa mkononi. CR2032 mpya (ndiyo hiyo betri ya saa, ya duara kama sarafu) itaonyesha volti 3 na kidogo, nao huridhika. Chomoa waya wa umeme, betri ibaki mahali pake, weka ncha nyekundu ya multimita (kipimo cha umeme) juu ya betri na nyeusi kwenye skrubu ya kasha iliyoshika ubao. Katika mashine yangu namba ilikuwa ikirukaruka karibu na sifuri, na nilipoikandamiza betri kwa kijiti ikapanda ghafla na kutulia kwenye volti 3. Betri ilikuwa nzima. Ulimi mdogo wa chini ya kishikio ndio uliokuwa umelala na kuota ukungu wa kijani, haugusi. Niliitoa betri, nikaufuta ulimi kwa pamba yenye spiriti, nikauinua taratibu kwa kijiti cha meno, nikairudisha upande wa kujumlisha ukiwa juu. Ukipata namba iliyotulia lakini iko chini ya volti 2.5, basi uliuziwa betri iliyochoka dukani, nunua nyingine. Tazama pia jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) kwenye pini 3 karibu na betri, kwa maana ikiachwa upande wa kufuta bayosi, hakuna betri itakayokusaidia. Betri mpya zikiendelea kufa baada ya wiki chache, ubao wenyewe unavujisha umeme, na kwa ubao wa umri huo sioni sababu ya kugharamia matengenezo.

Bayosi ikijifuta, mpangilio wa diski huweza kuhama kutoka AHCI kwenda IDE (njia mbili tofauti za ubao kuwasiliana na diski), na Windows ikaishia kwenye kioo cha bluu. Rudisha AHCI kabla hujadhani diski imekufa, kisha upige picha kurasa zote za bayosi kwa simu.

Tovuti zinakataa kwa sababu cheti cha usalama cha kila tovuti kina tarehe ya kuanza, na kwa kompyuta iliyoko mwaka 2012 cheti hicho bado hakijaanza kutumika. Usitegemee Windows ijirekebishe yenyewe kupitia intaneti: kwa kawaida, tofauti ikizidi saa 15 hukataa kusawazisha. Weka tarehe na saa kwa mkono, hakikisha ukanda uliochaguliwa ni wa Nairobi, halafu fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike w32tm /resync. Ikijibu kwamba huduma haijaanza, andika kwanza net start w32time.