Nunua futi kabla ya saruji: miaka 11 ya kiti mwendo hapa Moshi

Niliporuhusiwa kutoka hospitali ya KCMC, kaka yangu alikuwa ameshamaliza kazi. Alitumia siku mbili na mifuko mitatu ya saruji kunijengea rampu kwenye nyumba tuliyopanga Pasua, na pembeni akaipaka chokaa ili niione hata umeme ukikatika. Ngazi zilikuwa tatu. Rampu ilikuwa na urefu wa mita mbili. Nilipojaribu kupanda, magurudumu ya mbele yakainuka, kiti kikaanza kulala chali nikiwa ndani. Kaka alikuwa nyuma, akakidaka. Kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Miezi minne iliyofuata sikutoka nje bila watu wawili wa kunishika, na rampu ipo.

Hakukuwa na mtu wa kulaumiwa. Kaka alijenga kwa moyo wote, ila hakupima, na mimi sikujua kwamba kuna kupima. Ndiyo maana mtu akiniambia mgonjwa wake anakaribia kurudi nyumbani na kiti mwendo (wengi wetu bado tunakiita baiskeli), huwa namwambia anunue futi ya mita tano kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Hesabu ya rampu ni hii. Kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi zetu tatu zilikuwa na sentimita 17 kila moja, jumla 51. Zidisha kwa 12, unapata 612, yaani mita sita na kidogo. Kaka alikuwa amenijengea theluthi moja tu ya nilichohitaji. Kama uwanja hautoshi, rampu ikatwe vipande viwili, igeuke, na pale inapogeukia pawe na sehemu bapa ya mita moja na nusu kila upande ili kiti kizunguke. Juu, mbele ya mlango, pawe bapa pia, maana huwezi kuhangaika na kitasa huku kiti kinarudi nyuma. Upana usipungue sentimita 90, na kingo za pembeni ziinuke kidogo ili gurudumu lisidondoke.

Kuna jambo moja utalazimika kugombana na fundi: asipige nili. Fundi wetu anaona kazi haijaisha mpaka sakafu ing'ae, na masika ya Moshi yakianza, rampu iliyopigwa nili ni hatari tupu. Mwambie aikwaruze kwa ufagio wa chelewa zege likiwa bado bichi. Fundi wa rampu yangu ya pili aliniambia, "Mama, mita sita zitakula uwanja wote, gari litapita wapi?" Nikamjibu, "Fundi, gari halilali hapa. Mimi ndiye ninayelala hapa." Akacheka, akachimba msingi mita sita.

Kabla ya kupima nyumba, hata hivyo, mpime mtu. Hili nililijua nikiwa nimechelewa. Kiti changu cha kwanza kilikuwa cha msaada, na nilikishukuru kwa machozi. Pa kukalia palikuwa na upana wa sentimita 51, wakati nyonga zangu ni 38. Nilikuwa nikielea humo kama mtoto kwenye koti la baba yake, nimeinama upande mmoja, mabega yakiuma kila jioni kwa kuyafuata magurudumu yaliyokuwa mbali. Ukichanganya na magurudumu, kiti kizima kilikuwa na sentimita 71. Hakuna mlango wa bafu uliokubali kukipokea.

Sisi wa huku tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Pale pale KCMC kuna TATCOT, chuo kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Tafuta watu wenye ujuzi huo, ujipimishe upana wa nyonga, urefu wa paja, na urefu wa mguu toka goti hadi kisigino. Kiti changu cha sasa kina pa kukalia pa sentimita 41, na chote kwa jumla ni 61. Zile sentimita kumi zilinifungulia milango ambayo nilikuwa nimeshaanza kupanga kuibomoa.

Na mto wa kukalia usiuone kama kitu cha starehe. Kwa mtu asiyehisi sehemu za chini, kidonda cha mgandamizo huanza na wekundu mdogo asiouona, na baada ya wiki chache anarudishwa wodini. Mto unamfuata kila anakokwenda, kwenye kiti cha kanisani, kwenye bajaji, kwenye basi. Kila jioni mtu aangalie makalio na nyonga, au mwenyewe ajiangalie kwa kioo cha mkononi.

Sasa nyumba. Tulipohama Pasua, dalali alituapia kwamba nyumba ya mtaa wa Soweto, hapa hapa Moshi, haina ngazi hata moja. Tukalipa miezi sita. Kweli ngazi hazikuwepo, ila mlango wa mbele ulikuwa na kizingiti cha sentimita 12, na bafuni unashuka nyingine kumi. Tangu siku ile siamini neno la dalali. Naomba picha, na kwenye picha futi iwe imenyooshwa mlangoni, namba zisomeke. Fanya hivyo hivyo kwa nyumba ya wageni unapoagiza chumba. Usiwaulize kama mtu wa kiti mwendo anaweza kuingia, kwa sababu kwa wema wao watakujibu "karibu sana, vijana watambeba". Waulize mlango wa bafu una sentimita ngapi.

Kama mlango ni mwembamba kwa sentimita mbili tatu, usikimbilie nyundo. Ng'oa ubao wa mlango, weka pazia zito. Ubao wenyewe, hata ukifunguka wote, hula sentimita kadhaa kwenye fremu. Ukibaki, basi ufungukie nje, maana ukifungukia ndani na mtu ameanguka nyuma yake, hamtaweza kuusukuma. Choo kiwe cha kukaa, na urefu wake ulingane na kiti chako, sentimita 45 hadi 50. Ukutani fundi aingize bomba la chuma la kushikia na alifunge kwenye tofali kwa bolti ndefu, halafu mtu mzima mwenye uzito alining'inie kabla hujaliamini.

Jikoni kulinitesa kuliko chumba kingine chochote, kwa sababu napenda kupika na sikutaka kupikiwa maisha yangu yote. Meza yangu ina urefu wa sentimita 75 na chini yake hakuna rafu, magoti yanaingia. Jiko la gesi liko juu ya hiyo meza, na mtungi uko sakafuni pembeni. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiweka sufuria pajani ili nisukume kiti kwa mikono miwili. Siku moja ilikuwa ya maharage. Nilifika sebuleni, nikaiweka mezani, nikapakua, tukala. Usiku mama aliponisaidia kuvua ndipo alipoona ngozi ya paja imebaki kwenye kitenge. Sikuwa nimehisi chochote. Lile jeraha lilichukua miezi mitatu kupona. Tafadhali, kitu chochote cha moto kisikae pajani bila ubao mnene chini yake, na hata huo ubao uwe na kingo.

Kuhusu magari, watu huuliza ni gari gani lenye mlango mpana. Angalia zaidi urefu wa kiti. Gari dogo kama IST kiti chake kinakaribia usawa wa kiti mwendo, unahama kwa kuteleza. Noah ina mlango mkubwa ila kiti kiko juu, na Land Cruiser ni kunyanyuliwa moja kwa moja. Fundi seremala anaweza kukutengenezea ubao wa kuhamia: mbao ngumu kama mninga, urefu kama sentimita 70, upana 25, unene sentimita mbili, upigwe msasa mpaka usikwaruze kabisa, kisha vanishi.

Kiti cha mbele cha gari kisukumwe nyuma mpaka mwisho. Sogeza kiti mwendo kikae kwa mshazari karibu na mlango, funga breki zote mbili, toa mkono wa kiti ulio upande wa gari na vikanyagio. Ubao uingie vizuri chini ya paja na mwisho wake ukae katikati ya kiti cha gari. Makalio yanatangulia, kichwa kinainama kuepuka paa, miguu inaingizwa mwisho, mmoja mmoja, kwa mikono. Anayekusaidia asikuvute kwa kwapa hata kidogo. Mabega ndiyo miguu yetu sasa.

Na wakikubeba ukiwa ndani ya kiti, wafundishe kila mara, hata kama ni vijana wale wale wa jana: washike fremu. Mikono ya kiti na vikanyagio huchomoka, na gurudumu huzunguka. Nimeangushwa mara mbili, na mara zote mbili mtu alishika mkono wa kiti.

Bajaji ndiyo rafiki yangu mjini. Nina madereva wawili ninaowapigia simu, wanajua kukunja kiti na kukifunga nyuma kwa kamba ya mpira, na bei tulishakubaliana. Daladala nimeziacha. Mabasi ya mwendokasi ya Dar, yaliyoanza mwaka 2016, yalinionyesha kwamba mambo yanaweza kuwa mengine: sakafu ya basi na jukwaa la kituo viko usawa mmoja, nikaingia mwenyewe, na hakuna aliyenishika. Nilifika mwisho wa safari, nikarudi tena, bila kuwa na kazi yoyote iliyonipeleka huko.

Basi la mkoa ni kitu kingine. Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na ngazi za mlangoni ni nyembamba na ndefu. Fika saa nzima kabla, ongea na kondakta abiria hawajasongamana, kata kiti cha mbele. Kondakta mmoja aliniambia, "Dada, baiskeli nayo inalipiwa." Nilimjibu kwa upole kwamba hii ni miguu yangu, na miguu ya abiria wengine hajaikatia tiketi. Akaiingiza kwenye buti bure. Lakini kwenye safari nyingine, na basi jingine, walirundika magunia juu yake na gurudumu likapinda. Tangu hapo natoa mto na vikanyagio naingia navyo, na nahakikisha mtu wangu anaangalia kiti kinapopakiwa, kisimame wima, kiwe cha mwisho kuingia.

Njiani, kila nusu saa jinyanyue kwa mikono, au egemea upande mmoja dakika moja mbili, kisha mwingine. Na kunywa maji. Wengi wetu tunaacha kunywa tangu usiku wa kuamkia safari kwa hofu ya choo, na tunaishia na maambukizi ya mkojo na homa kali. Kama unatumia mpira wa mkojo, beba vifaa vya akiba kwenye begi la mkononi, visiende kwenye buti.

Ndege kutoka KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, ni rahisi kuliko unavyodhani, mradi useme mapema, unapokata tiketi. Wana alama zao: WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi, WCHS ni kwa asiyeweza ngazi lakini anatembea hatua chache, WCHC ni kwa asiyeweza kutembea kabisa. Hakikisha wameandika iliyo yako. Omba ubaki kwenye kiti chako mpaka mlangoni mwa ndege.

Ukikutana na jengo la umma lenye ngazi tupu, usirudi nyumbani kimya. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zetu mwaka 2009. Mimi huandika barua ya ukurasa mmoja, naitaja sheria, na chini naweka vipimo: ngazi ngapi, sentimita ngapi, rampu ya mita ngapi, itapita upande upi. Ofisi moja hapa mjini ilikaa na malalamiko yangu ya mdomo miaka miwili. Barua yenye vipimo ilifanyiwa kazi ndani ya miezi mitano.

Watu hupenda kunitajia Chris Waddell, yule Mmarekani aliyepooza miguu, aliyefika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 2009 kwa baiskeli ya kuendesha kwa mikono. Namheshimu sana. Ila mlima niliokuwa nikiutaka mimi ni ule wa kwetu Kibosho, njia ya kutoka barabarani hadi kwa mama, katikati ya migomba. Udongo wetu mwekundu ukilowa, magurudumu madogo ya mbele yanazama na kiti kinakurusha mbele. Miaka saba Krismasi yangu ilikuwa kubebwa mgongoni na wadogo zangu. Kwa njia kama hiyo kiti kivutwe kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie, na kwenye mteremko ushuke hivyo hivyo, mgongo ukitazama chini na mtu amesimama nyuma yako. Viko pia viti vya magurudumu matatu, moja kubwa mbele, vilivyotengenezwa kwa njia mbovu. Kama unaishi mlimani, uliza hicho kwanza.

Kaka aliyejenga rampu ya mita mbili ndiye aliyeikata njia ya kwa mama. Alikuja na futi na kamba, akaizungusha mara tatu kwenye kihamba, shamba letu la migomba, badala ya kuishusha moja kwa moja, akakata migomba minne ambayo mama aliiaga kwa majina ya aina zake. Desemba iliyopita niliingia mwenyewe jikoni kwa mama, nikamkuta anamenya ndizi, akanisogezea kisu bila kusema neno.

Makaburi ya wazee yako chini zaidi, baada ya mfereji, na huko bado sijafika. Kaka amepima: kuna mita nne za kushuka, kwa hiyo njia itataka karibu mita 50. Anasema mvua zikiisha ataanza kuchimba.