Mlezi mpya wa mbwa: waanzie nje ya geti

Dada, kama mbwa wako anambwekea huyo kijana utakayemwachia ukisafiri, usimwingize ndani kwanza. Wakutane barabarani, mbwa akiwa na kamba, mtembee wote pamoja. Kijana asimkazie macho wala asimpapase kichwani. Asimame ubavu tu, aache anuswe. Mbwa wetu wengi wamefugwa makusudi wamkatae mgeni, kwa hiyo usitarajie mapenzi siku ya kwanza.

Siku zinazofuata, yeye ndiye aweke bakuli la chakula chini na kurudi nyuma. Kisha ashike kamba wewe ukiwa kando, halafu watoke wawili, mzunguko mfupi. Mbwa akifyata mkia, akalaza masikio au akajilamba midomo bila chakula, ana hofu: rudini hatua moja, msimfokee.

Kagua mkanda wa shingo; vidole viwili vipite, visizidi. Akishtuka hurudi kinyumenyume akachomoa kichwa.

Mwachie kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na namba ya daktari wa mifugo. Aking'atwa, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali hata kama mbwa amechanjwa.