Paneli ya Linux imepotea, usikubali kupigiwa mfumo upya

SWALI

Shikamoo fundi. Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Kompyuta yangu ni ya zamani, RAM GB 2, na niliwekewa Linux Mint ya Xfce kwa sababu Windows ilikuwa inaganda kila mara. Juzi mwanangu wa miaka 4 alishika mausi nikiwa namhudumia mteja. Niliporudi, ule mstari wa chini wenye menyu, saa na alama ya mtandao haupo kabisa. Kuna mtu ameniambia dawa yake ni kupiga mfumo upya. Je, mafaili ya wateja yatapona? Na mstari ukirudi, niupangeje nisihangaike kutafuta programu huku watu wamesimama dirishani?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza kabisa, asiguse mtu diski yako. Akija mtu wa haraka haraka akapiga mfumo bila kuhamisha kazi zako pembeni, vyeti na barua za wateja vitafutika, na tatizo ulilonalo halihitaji hatari hiyo hata kidogo.

Mstari huo ndio paneli, na kwenye Xfce, yaani sehemu ya Linux yako inayokuonyesha menyu na madirisha, paneli ni programu inayojitegemea, kama ile unayoandikia barua. Inaweza kufungwa, kujificha au kuvurugika, na kompyuta nzima ikabaki salama. Tena ndiyo mzizi wa yote: Olivier Fourdan, Mfaransa aliyeanzisha Xfce mwaka 1996, alianza na paneli tu, mengine yakafuata.

Sasa peleka mausi hadi ukingo wa chini kabisa wa skrini, usubiri kidogo. Mstari ukichomoza, basi mtoto ameuficha tu. Bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye paneli, chagua "Panel", halafu "Panel Preferences", na pale penye "Automatically hide the panel" weka "Never".

Usipochomoza, bonyeza Alt na F2 kwa pamoja. Kisanduku kidogo kitafunguka. Andika humo xfce4-panel, bonyeza Enter. Mara nyingi hapo ndipo mtu anashusha pumzi, maana paneli ilikuwa imefungwa tu. Lakini usiishie hapo. Xfce inaweza kukumbuka programu zilizokuwa wazi ulipotoka, na kama ulitoka paneli ikiwa imefungwa, kesho itakuwa haipo tena. Kwa hiyo funga madirisha mengine yote, paneli ibaki, kisha toka kwa "Log Out" ukiwa umetia tiki kwenye "Save session for future logins". Fanya hivyo mara moja tu, siku zinazofuata uiondoe tiki.

Ikiwa paneli imerudi lakini haina kitu au imechanganyika, tuirudishe ilivyokuwa siku ya kwanza. Bonyeza Ctrl, Alt na T ili ufungue terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike mstari mmoja mmoja ukibonyeza Enter:

xfce4-panel --quit
pkill xfconfd
mv ~/.config/xfce4/panel ~/paneli-ya-zamani
mv ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-panel.xml ~/paneli-ya-zamani.xml
xfce4-panel &

Mstari wa tatu ukilalamika kwamba folda haipo, endelea tu. Mstari wa pili usiuruke. Hiyo xfconfd ni programu inayoshikilia mipangilio kichwani, na watu wengi huhamisha faili bila kuisimamisha, nayo inaiandika tena vilevile walivyoikuta, wakaamini kompyuta imeharibika. Nimetumia mv na si rm makusudi: mipangilio ya zamani tunaihamisha, hatuifuti.

Kuhusu kupanga, wiki zilizopita nilikaa nyuma ya kijana mwenye steshenari kule Ujiji, nikamtazama akimhudumia mwanafunzi wa maombi ya mkopo. Kila cheti kilichoingia kwenye skana alifungua menyu, akaenda kundi la ofisi, akashuka chini, akapita alichokitaka, akarudi juu. Vyeti vinne, safari nne. Nyuma yake mama mmoja aliyetaka kopi moja tu ya kitambulisho aliondoka. Iliniuma, kwa sababu ni jambo la dakika 2 kurekebisha. Paneli ifuate kazi yako wewe. Anayekuwekea mfumo anakuachia mpangilio wa mtu yeyote.

Fungua menyu, tafuta "Document Scanner", ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Add to Panel". Fanya hivyohivyo kwa LibreOffice Writer na kwa "Printers", ili karatasi ikikwama ufute kazi iliyong'ang'ania foleni bila kutafuta. Vitatu hivyo vinakutosha. Ukijaza vitufe 15 umetengeneza menyu nyingine. Kisha rudi "Panel Preferences", sehemu ya "Items", usogeze kila kimoja kwa mishale mpaka vikae kushoto, jirani na menyu. Kama macho yanachoka jioni, ongeza "Row size" kidogo kidogo, vitufe vitanenepa.

Jambo jingine la dukani: ukifungua barua za wateja watatu, paneli inaweza kuzikusanya kwenye kitufe kimoja, ukachapa ya mwingine. Bofya kulia kwenye vitufe vya madirisha, ingia "Properties", na penye "Window grouping" chagua "Never". Kila barua itasimama na jina lake.

Saa sasa, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wateja wako wanauliza "njoo saa ngapi?" na wewe unasoma 15:00 huku ukitafuta saa tisa kichwani. Paneli inaweza kukuonyesha saa ya Kiswahili. Saa yetu imepishana na ya kizungu kwa saa 6, na Japani iko mbele yetu kwa saa 6 kamili mwaka mzima. Ongeza "Clock" ya pili kwenye "Items", ingia "Properties" zake, kwenye "Timezone" andika Asia/Tokyo, chagua ionyeshe muda tu bila tarehe, na kwenye muda chagua "Custom Format" uandike %I:%M. Ikifika 15:00 ya huku, Tokyo ni 21:00, na kwa mtindo wa saa 12 utasoma 09:00, yaani saa tisa. Saa ya mfumo haijaguswa, kwa hiyo faili na barua pepe zinabaki na muda rasmi. Tarehe iache kwenye ile saa ya kwanza, kwa sababu hii ya pili inavuka siku saa kumi na mbili jioni. Wazee wetu wanaohesabu usiku wa Ijumaa kuanzia magharibi ya Alhamisi wangeikubali, ila barua ya ofisi haitaikubali.

Ukimaliza, kwenye "Panel Preferences" tia tiki "Lock panel", mkono usivute kitu kwa bahati mbaya. Halafu tunza nakala. Kama programu ya kuhifadhi paneli haipo, iweke kwa amri hii ukiwa na intaneti:

sudo apt install xfce4-panel-profiles

Ifungue, hifadhi mpangilio wako kwa jina, kisha utoe faili lake uliweke kwenye fleshi. Siku paneli ikipotea, Alt na F2, andika xfce4-panel-profiles, chagua jina lile, kila kitu kinarudi mahali pake.

Na huyo mdogo mfungulie akaunti yake kwenye "Users and Groups", bila ruhusa ya usimamizi. Mipangilio ya paneli inakaa ndani ya folda ya kila mtumiaji, kwa hiyo atachezea ya kwake hadi achoke, yako haitasogea.