Acheni kuwatisha vijana na free(NULL)

Juzi kijana mmoja wa Masasi kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimeambiwa nikiita free bila kukagua kwanza kama pointa ni NULL, programu itakufa. Ni kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Si kweli. Kwa wageni wa C, lugha ya kuandikia programu: pointa inashika anwani ya mahali kwenye kumbukumbu ya kompyuta, NULL maana yake haielekezi popote, na free inaachia kumbukumbu uliyoiomba. Ukiipa free pointa ambayo ni NULL, haifanyi chochote, programu inaendelea na safari yake. Kiwango rasmi cha C kinasema hivyo tangu 1989. Kwa hiyo huu mstari:

if (p != NULL) free(p);

hauna tofauti na free(p) peke yake. Umejichosha bure.

Jambo hili naliongea kwa uchungu kidogo, mtanisamehe. Nilipotoka chuo niliitwa kwenye usaili hapa Mtwara mjini. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuandika programu ya kusoma mizani ya korosho ghalani. Nikapewa karatasi, nikaandika. Bosi akaipitia na kalamu nyekundu, kila penye free akazungushia duara. "NULL hukukagua. Huyu C haijui." Nikajaribu kumweleza, akacheka, na wale wawili pembeni yake wakacheka kwa kuwa bosi kacheka. Kazi nikaikosa. Nilipanda bodaboda mpaka Shangani sioni mbele kwa hasira.

Leo programu niliyoiandika mimi inapokea uzito wa magunia msimu mzima wa minada, na humo ndani hamna if hata moja mbele ya free. Nasema tu.

Nimtendee haki: hofu yake ina asili. Kabla ya kiwango hicho, kuna maktaba za C za zamani (mikusanyo ya msimbo ulioandikwa tayari) zilizokuwa zinaanguka kweli zikipewa NULL. Waliojifunza enzi hizo wakawafundisha wengine, na wengine wakakariri.

Hatari yenyewe iko kwingine. free inapokea nakala ya anwani tu, haiwezi kuigusa pointa yako. Ukishaita free(p), p haigeuki kuwa NULL, bado imeshika anwani ileile ya zamani. Ni kama umehama chumba cha kupanga na ufunguo umebaki mfukoni: mlango unaweza kufunguka, ila ndani sasa kuna watu wengine. Sasa angalia ile if yao. Itauliza "p si NULL?", itajibiwa ndiyo, itakuruhusu, na utaachia kumbukumbu ileile mara ya pili. Hapo kiwango hakikuahidi kitu. Ukibahatika programu inauawa papo hapo. Usipobahatika inaendelea, na uzito wa gunia la mtu unasomeka kiajabu.

Mimi nafanya hivi. Juu kabisa ya kazi (function):

char *jina = NULL;
char *stakabadhi = NULL;

Kisha malloc, yaani maombi ya kumbukumbu, zinafuata. Ikishindikana popote, goto mwisho, yaani ruka moja kwa moja hadi mwisho. Na pale mwisho:

free(jina);
free(stakabadhi);

Iliyowahi kupata kumbukumbu inaachiwa, ambayo haikupata inapita kimya. Pointa itakayoendelea kuishi baada ya free, mstari unaofuata naandika p = NULL. Lakini ukiwa umeinakili, yaani q = p, q haijui lolote, bado imeshika anwani mbovu. Kwa hiyo amua mapema nani mwenye mali, huyo ndiye aachie.

Vijana wa Kusini, someni kiwango chenyewe. Msikubali kitu kwa sababu aliyekisema kavaa tai. Anzeni pointa zenu na NULL. Nasema tena: anzeni na NULL!

Ila msije mkaipeleka tabia hii kila mahali. fclose, ile ya kufunga faili, haina huruma hiyo. Faili likigoma kufunguka, fopen inakurudishia NULL, na ukiipa fclose hiyo NULL, lolote laweza kutokea. Pale if iandike.