Nasoma bila kukwama, lakini maana hunipita

SWALI

Ndugu Mshauri, nakusalimu. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, mtunza stoo katika ghala la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Mama husimulia kwamba nilipokuwa na miaka mitatu, kabla sijapelekwa chekechea, nilikuwa nikisoma kwa sauti vipande vya magazeti vilivyofungiwa maandazi na maneno ya kwenye kanga za bibi, na majirani wakiitana kuja kunisikiliza. Shuleni ndiye niliyesimamishwa mbele kuwasomea wenzangu, lakini kwenye maswali ya ufahamu nilipata alama ambazo mwalimu alizihesabu kuwa uvivu. Hadi leo sipiti penye maandishi bila kuyasoma, iwe bango, lebo ya dawa au tangazo la mnada lililokwisha pita. Maelekezo ya mdomo yakizidi mawili hunipotea. Mwezi uliopita alikuja mteja kudai bidhaa zilizochelewa, mkuu wangu wa kazi akaninong'oneza, "Hebu mzungushe kidogo," nami nikamzungusha ghala zima, rafu kwa rafu, nikimwonyesha misumari na mabati. Wenzangu bado wanacheka. Nimekutana na neno haipaleksia. Je, ndilo hili langu, na mtu mzima afanye nini?

Msomaji, Morogoro

JIBU

Ndugu yangu, nakiri kwamba nami nilicheka kidogo, ila kisa hicho cha ghala kimenieleza zaidi kuliko sifa zako zote za usomaji.

Neno haipaleksia liliingia katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1967, pale Norman na Margaret Silberberg wa Marekani walipoeleza habari za watoto waliotambua maneno yaliyoandikwa kwa kiwango kilichozidi mno uelewa wao. Kwa hiyo kusoma mapema peke yake hakutoshi, wala kusoma haraka. Kinachotafutwa ni pengo kati ya ulimi na maana, pamoja na mvuto mkubwa wa maandishi ulioanza utotoni, mara nyingi kabla ya miaka mitano na bila mtoto kufundishwa. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kuelewa kilichosomwa ni zao la mambo mawili, yaani kuyageuza maandishi kuwa maneno na kuielewa lugha yenyewe. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kuyasoma maneno yenyewe, hukwama katika lile la kwanza, ilhali mwenye haipaleksia hulimudu vizuri mno, na la pili likabaki nyuma.

Chukua kanga za bibi yako. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kusoma "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" pasipo kukosea silabi, maana Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Kujua kwamba kanga hiyo imevaliwa makusudi ili jirani fulani aione ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo inayomshinda. Kwa mtu mzima pengo hilo hujificha, kwa sababu miaka mingi ya maisha humfundisha kukariri maana za mafumbo ya kawaida, likaja kuchomoza pale anapokutana na fumbo asilolikariri, kama lako la kumzungusha mteja.

Hapa lakini naomba tahadhari, kwa kuwa katika nchi yetu kusoma bila kuelewa kuna sababu nyingi zisizohusiana kabisa na haipaleksia. Mtoto wa madrasa husoma Kiarabu kwa ufasaha kabla ya kujifunza maana yake, na wengi wetu tuliingia kidato cha kwanza tukasoma kitabu cha baiolojia cha Kiingereza kwa sauti nzuri huku tusijue kinazungumzia nini. Huko ni kutoijua lugha. Jipime basi kwa lugha unayoota nayo. Mwombe mtu akusomee habari fupi usiyoijua, kisha umsimulie kilichotokea na kwa nini kilitokea. Halafu usome mwenyewe, kimyakimya, habari nyingine ya urefu huohuo na usimulie vilevile. Ukielewa vizuri unaposikiliza, na kupoteza maana pale tu unaposoma, shida huenda ni macho, umakini au haraka. Maana ikikuponyoka kote kuwili, na hasa majibu ya "kwa nini" yakiwa ndiyo magumu kuliko ya "nani" na "wapi", basi dhana yako ina uzito. Zoezi hili halitoi hukumu, lakini litampa mtaalamu mahali pa kuanzia.

Jambo moja halisubiri miadi. Mtu aliyekuwa akielewa vizuri, kisha ghafla akaanza kutoelewa anachosoma au anachoambiwa, hana haipaleksia. Huenda amepata kiharusi, na anapaswa kufikishwa hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu uthibitisho, haipaleksia haihesabiwi kuwa ugonjwa unaojitegemea katika miongozo ya utambuzi, hivyo usishangae daktari asipokuandikia neno hilo kwenye cheti. Mara nyingi huambatana na usonji, yaani hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano na mahusiano na watu: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 na watafiti wa Kanada yalikuta kwamba takriban asilimia 84 ya watu walioripotiwa kuwa na haipaleksia walikuwa katika wigo wa usonji. Takwimu hiyo haikugeuzi wewe kuwa na usonji, kwani wapo watoto waliosoma mapema wakakua bila tatizo lolote. Inamaanisha tu kwamba mtaalamu mwangalifu atauliza pia kuhusu urafiki wako wa utotoni, kelele na mwanga vinavyokukera, na namna unavyopokea mabadiliko ya ghafla. Omba rufaa ya kumwona mwanasaikolojia au mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Hawa wa pili ni wachache nchini, na kwa kawaida utafutaji huanzia katika hospitali kubwa, kama vile Muhimbili, Dar es Salaam. Nenda na ripoti zako za shule ya msingi ikiwa zipo, na ikiwezekana nenda na mama. Kumbukumbu yake ya yale magazeti ya maandazi ina thamani kuliko jaribio lolote utakalofanya kwenye simu, kwa sababu hali hii haianzi ukubwani.

Wakati unasubiri, tumia kile ulichojaliwa. Kwa kuwa maandishi hukaa kichwani mwako kuliko sauti, mwombe mkuu wako akutumie maagizo kwa ujumbe wa simu, na anapokuagiza kwa mdomo mrudishie kwa maneno yako mwenyewe kabla hujaondoka: "Kwa hiyo nimcheleweshe mteja mpaka gari lifike, au nimwambie ukweli kwamba mzigo bado?" Unaposoma mkataba au barua ndefu, simama kila baada ya aya na uandike pembeni sentensi moja ya kueleza kilichosemwa, ukishindwa kuiandika, ujue macho yalipita na wewe ulibaki nyuma. Si lazima umtajie mkuu wako neno haipaleksia kabla hujaonana na mtaalamu. Mwambie tu kwamba maagizo ya maandishi hupunguza makosa yako, jambo ambalo baada ya ziara ile ya rafu kwa rafu hatalipinga.